Deki au Injini

Binti wa kwanza wa Okeyo alinipigia simu siku ya pili baada ya babake kufariki, akaniomba niandike nusu ukurasa wa kile kijitabu cha mazishi. "Baba Idi, wewe ndiye ulikuwa naye wakati wa meli," aliniambia. "Andika tu vile mlichagua kazi." Nikaandika. Niliandika kwamba marehemu alichagua injini kwa sababu alipenda mashine tangu utotoni, na kwamba sisi wenzake tulimwonea fahari siku hiyo. Kijitabu kilichapwa kwa rangi, picha yake mbele, maneno yangu ukurasa wa nne, na watu wakajipepea nacho kule Nyakach kwa sababu jua lilikuwa kali. Nimehudhuria mazishi mengi na nimesoma vijitabu vingi vya namna hiyo, na sijawahi kumwona maiti ambaye hakuwa mcheshi, mkarimu na kipenzi cha wengi. Nimezika wezi waliokuwa wacheshi. Kwa hiyo aliyeandika ukurasa wa nne hakufanya jambo geni. Lakini mimi nilijua ninachokiandika, na wale wengine labda walikuwa wamedanganywa tu na majonzi. Sasa naandika yale yaliyobaki nje. Mimi si mtu wa vitabu. Kidato cha nne nilikimaliza kwa kusukumwa, na kama nimekosea jina la chombo au mpangilio wa siku, nisahihishwe. Nina madaftari ya mwaka ule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma, na nimeyasoma tena yote. Hayanisaidii sana. Niligundua kwamba siku ambazo nilikuwa na la kusema niliandika hali ya hewa.

Ulikuwa mwaka wa themanini na sita. Shirika moja lililokuwa na meli pale Kisumu lilichukua vijana sita wa kandokando ya ziwa ili tufundishwe kuwa maafisa wa meli. Mwaka mmoja tungeonjeshwa kila kazi, kisha kila mtu aingie tawi lake. Matawi yalikuwa matatu. Deki walikuwa watu wa juu, wanaoshika usukani na kusoma ramani, na huko ndiko anakotoka kapteni. Injini walikuwa watu wa chini. Tiketi na mizigo walikuwa makarani, na hakuna aliyewataja. Nafasi za injini zilikuwa nne, ya tiketi moja, ya deki moja. Tulilala chumba kimoja karibu na gati, chumba ambamo zamani yaliwekwa majaketi ya kuokolea, na kilikuwa bado kinanuka turubai na rangi. Vitanda sita vya chuma, dirisha moja linalotazama winchi, msumari mmoja kila mtu wa kutundikia sare. Na sare ile! Shati jeupe lenye kamba za mabegani ambazo hazikuwa na alama yoyote, maana hatukuwa na cheo chochote. Jumapili tulizivaa tukapanda mjini, tukitembea katikati ya barabara kama watu wanaopigwa picha, na msichana akituuliza kama sisi ni marubani hakuna aliyekataa haraka. Mmoja wetu, kijana wa Maseno ambaye babake alikuwa mhadhiri, alikuwa akisimama mbele ya kioo akijifunza kutazama mbali. Nilimdharau sana kijana huyo. Lakini haki ni haki: mimi ndiye niliyenunua miwani ya jua pale soko la Kibuye, na nikaivaa siku ya mawingu.

Chakula kilipikwa na Mama Risper, mwanamke mnene wa Kendu Bay aliyekuwa na jiko kati ya vyumba viwili. Jiko hilo lilikuwa na madirisha mawili ya kupitishia sahani. Dirisha moja lilifungukia chumba cha watu wa deki, chenye kitambaa cha meza na chupa ya sosi. La pili lilifungukia kwa watu wa injini, meza tupu ya mbao iliyokuwa na alama nyeusi za viwiko. Sisi wanafunzi hatukuwa wa huku wala kule, kwa hiyo tulikula jikoni kwenye benchi, ugali na omena, siku nzuri kipande cha mbuta, na masikio yetu yalikuwa pande zote mbili. Nimesikia mengi kwenye benchi lile. Upande wa kitambaa walikuwa wakisema, "Wale wa chini wakiona jua wanapiga chafya." Upande wa mbao walijibu bila kujua wanajibu: "Hao wa juu wanavaa soksi nyeupe ndio watu wasijue miguu yao inanuka." Miaka ishirini wamekula samaki wa sufuria moja wakitukanana kupitia mgongo wa mpishi. Mama Risper alikuwa akichota, anapeleka huku, anachota, anapeleka kule, na siku moja alitugeukia na mwiko mkononi akasema, "Mnaona vile samaki ni moja? Wajinga ndio wawili." Halafu akatutazama vizuri, mmoja mmoja. "Nyinyi mnajifunza kuwa watatu."

Ulipofika mwezi wa tano wakuu wa matawi walikuja kutuhubiria ili tuchague vyema. Kapteni Osewe alisimama akiwa amevuta soksi hadi magotini. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya redio, na alituuliza swali moja tu: "Meli ikiingia Homa Bay, watu kwa gati wanapungia nani mkono? Wanapungia bomba la moshi?" Akangoja tucheke, tukacheka. Injinia Wafula alikuja baadaye akiwa ametoka kazini, kucha zake nyeusi, hakukaa. "Meli bila kapteni inaelea," alisema. "Meli bila injini pia inaelea. Sasa chagueni." Akaondoka. Wakati ule nilimwona mshamba, mtu asiyejua hata kujiuza. Sasa nadhani katika mwaka mzima ule yeye peke yake ndiye aliyetuambia jambo la kweli, ingawa hata leo sina hakika alimaanisha nini. Wote sita tulitaka deki. Usidanganywe na mtu anayekuambia aliitwa na ziwa, au na nyota. Tulitaka kupungiwa mkono.

Isipokuwa Okeyo, na hili linaniuma kulikubali. Okeyo alitoka upande wa Pap Onditi, huko Nyakach, alikuwa mwembamba, mzito wa kusema, na viatu vyake vilikuwa vimeshonwa hadi hujui kiatu cha kwanza kilikuwa kipi. Alilelewa na mjomba wake, aliyemsomesha. Yeye alipenda ile kazi yenyewe. Alikuwa akiitandika ramani ya ghuba juu ya kitanda na kuitazama vile watu wengine wanavyotazama picha za arusi. Mwezi wa saba tulichukuliwa safari ya mazoezi, na asubuhi ile mvua ilishuka ghafla hata ukingo wa ziwa ukapotea pande zote. Kapteni Osewe akatuita darajani, kule juu kwenye usukani, akaigeuza saa yake tusiione, akauliza kila mmoja tuko wapi. Kijana wa Maseno alitoa hotuba. Mimi nilinyoosha kidole nikielekeza mahali fulani kwa ushujaa. Okeyo aliitazama ramani kwa muda, akasema, "Kutoka boya ya mwisho ni dakika kumi na nane, mwendo haijabadilika, na tumegeuka mara moja. Tuko hapa, sir." Mvua ilipofunguka kidogo tuliona kilima, na tulikuwa pale. Kapteni Osewe alimgeukia msaidizi wake akasema neno moja, "Huyu." Nilikuwa nimesimama karibu, na nikalisikia. Tangu asubuhi hiyo nilijua kwamba nafasi ya deki ina mwenyewe, na kwamba wa pili kwa alama ni mimi. Wa pili maana yake injini.

Mwezi wa kumi zililetwa fomu. Mwanafunzi angeandika tawi analolitaka, na mzazi au mlezi atie sahihi. Upuuzi wa aina hiyo ulikuwa mwingi siku zile: vijana wa miaka ishirini wanaotarajiwa kuongoza meli yenye mamia ya watu wanatafuta ruhusa nyumbani kama watoto wa safari ya shule. Kwangu sahihi ilipatikana usiku mmoja. Kwa Okeyo ilibidi mjomba wake, Mzee Nyandiga, aje mwenyewe. Alikuja Jumapili, mnunuzi wa mtama mwenye kofia ya manyoya na koti zito katika joto la Kisumu, akamletea Mama Risper kuku hai kana kwamba anakuja kuposa. Alikula, akashukuru, kisha akaniita mimi nje kwenye benchi la ukutani. Okeyo alikuwa zamu melini.

"Wewe ndiye Idi," alisema. "Ile Mswahili ya hapa mjini, ya Kaloleni."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi Kiswahili yangu ni ya soko. Yako ni ya mama. Sasa nisaidie neno. Hii kijana yangu anasema anataka deki. Nimeuliza mwenye duka, nimeuliza dereva ya basi, nimeuliza mpaka katekista. Wote wanasema deki ni ndoo na kitambaa. Ni ukweli?"

Msomaji asiyekaa kwetu huenda asijue. Kusugua sakafu kwa maji sisi husema kupiga deki. Nyumba hupigwa deki, ofisi hupigwa deki, na anayepiga ni msichana wa kazi, au mfungwa. Sisi sita tulikuwa tumeizoea ile maana ya melini hadi tukasahau kuna nyingine. Na huyu mzee alikuwa amebeba neno hilo tangu Pap Onditi, amelionyesha watu njiani, na kila mtu amemthibitishia kwamba mpwa wake, baada ya masomo yote yale, anaomba kwa maandishi kazi ya kupanguza.

"Kupiga deki ndiyo kusugua sakafu, mzee," nilisema.

"Na hii ya meli?"

Hapa palikuwa na nafasi ya sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni. Ningesema: mzee, huko ndiko anakotoka kapteni. Mtoto wa miaka saba angeisema.

"Ya meli pia," nikasema, "wanaanza kwa kusugua."

"Wanaanza. Na wanamalizia wapi?"

"Inategemea mtu, mzee."

Alivua kofia, akaipiga vumbi kwenye goti. "Nimesomesha yeye mpaka fom foo," alisema. "Mpaka fom foo, ndio akapanguze simiti ya watu. Na hii ingine? Injini?"

"Injini ni injini, mzee."

"Hiyo najua. Kinu ya unga pale Pap iko na injini, na mwenye kinu hata chifu anamsalimia kwanza." Akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ero kamano, Idi. Asante. Watu wengine hapa wangenificha."

Nimeyapima maneno yangu ya siku ile mara nyingi, na hakuna hata moja la uongo. Ndiyo, wanafunzi wa deki walianza kwa kusugua. Ndiyo, ilitegemea mtu. Karani wa mahakama angeyaandika yote bila kupata kosa. Nilimdharau mzee yule, na nilijiambia nina haki ya kumdharau: mtu anayeuliza dereva wa basi na katekista habari za meli, na kapteni mwenyewe yuko hatua thelathini nyuma ya ukuta, anakula. Ilinichukua miaka mingi kukumbuka kwamba alipopita dirisha lile la kitambaa cha meza alivua kofia na kuinamisha kichwa. Aliogopa zile soksi. Mimi hakuniogopa. Katika daftari langu la siku hiyo nimeandika hivi: "Jumapili. Kuku. Mjomba wa Okeyo alikuja, tukaongea habari za lugha."

Siku ya Jumatano Okeyo alinivuta pembeni, nyuma ya stoo ya kamba. Sijawahi kumwona akizungumza sana kama siku hiyo. "Omera, ndugu yangu, mzee amekataa kabisa. Nimemweleza, nimemchorea, anasema nimejifunza ujanja ya town. Anasema neno yako ndiyo anaamini. Enda Pap Jumamosi, umwambie tu deki ya meli ni nini. Akisikia kwa mdomo yako anatia sahihi hapo hapo. Jumatatu fomu zinachukuliwa." Akaninyooshea nauli, kwenda na kurudi, alikuwa ameikunja ndogo kabisa. Nilimwambia asijali. Nilimwambia hata asingenipa nauli ningeenda. Hayo nayo nilikuwa nikiyaamini nilipoyasema, au nadhani nilikuwa nikiyaamini.

Jumamosi nilivaa sare, nikaondoka mapema, nikafika stendi ya mabasi. Utingo wa basi la kwenda Nyakach aliniita "afisa" akanishikia mlango. Nikamwambia ninywe chai kwanza. Nikaingia hoteli ya ng'ambo ya barabara, nikaketi karibu na dirisha, nikaagiza chapati na maharagwe, yale madondo. Basi la kwanza likaondoka. Nikaagiza chai nyingine. Nilisoma gazeti la wiki iliyopita, hata matangazo ya kifo. Nilitazama watu wakipakia magunia na kuku na magodoro, nikawaona wajinga wote, watu wa kusukumana, watu wasiojua lugha, na kadiri nilivyowadharau ndivyo nilivyozidi kuwa na haki ya kukaa pale. Basi la pili likaondoka. Nauli ya Okeyo ikaisha kwa madondo. Ilipofika saa kumi na moja jioni, wakati ambao mtu aliyeenda na kurudi angekuwa amefika, nilijipangusa mdomo nikateremka gatini.

Nilimkuta Okeyo ameketi kitandani mwake peke yake, wengine wameenda mpirani. "Nilimkosa," nikasema kabla hajauliza. "Majirani walisema ametoka tu, ameenda shambani. Nimengoja hadi saa nane." Na kwa kuwa alikuwa bado ananitazama, nikaongeza. Nilimweleza habari za mama mmoja mwenye leso ya buluu aliyekuwa akianika mtama, ambaye alinipa maji ya kunywa, na akasema mzee akienda shamba la bondeni harudi mpaka giza. Sikujua kama Mzee Nyandiga ana shamba la bondeni. Sikuwahi kukanyaga Pap Onditi. Okeyo alinisikiliza hadi nikamaliza na leso na mtama, akaniambia, "Pole kwa safari." Akaenda jikoni akaniletea chai, na akanipa kiti. Jumatatu asubuhi fomu yake ilikuwa na sahihi ya mjomba, ya herufi kubwa kama za mtoto, na sikuuliza ilipatikanaje. Nafasi ya tawi ilikuwa bado wazi. Aliniomba kalamu. Nikampa, nikasimama pale nikimtazama akiandika INJINI, polepole, kila herufi ikimalizwa kabla ya nyingine, akapuliza wino, akanirudishia kalamu, akasema asante. Daftari langu: "Jumatatu. Mvua asubuhi. Omena."

Orodha ilibandikwa. Deki, mimi. Tiketi na mizigo, kijana wa Maseno, na tulicheka hadi tukashika mbavu. Asubuhi yangu ya kwanza Kapteni Osewe aliniangalia vile mtu anavyoangalia kifurushi kilichopelekwa nyumba isiyo yake, akaninyooshea ndoo na kitambaa. Miezi minane nilipiga deki. Niliipiga asubuhi, niliipiga abiria wakishuka, niliipiga magotini wakati wa ukaguzi, na Okeyo alikuwa akitoka chini na ovaroli lake, anatafuta pa kukanyaga pasipo na maji, anapita kando kando ili asinichafulie. Hakucheka hata siku moja. Wengine walicheka, na ningependa kusema walikuwa watu wabaya, lakini lilikuwa jambo la kuchekesha.

Baadaye nilipanda, kama watu wanavyopanda wasipofukuzwa. Miaka ya tisini ilinikuta na mstari mmoja na nusu begani na soksi zangu nyeupe, juu ya meli iliyofungwa kamba. Mizigo ilihamia barabarani. Gugumaji likaja, zulia la kijani kutoka ukingoni hadi mbali, na nilikuwa nikisimama darajani, zamu kamili, saa nne hadi saa nane, nikitazama ndege wakitembea kwa miguu mahali ambapo ningepaswa kupitisha meli. Wasaidizi walikuwa wakinipigia saluti. Sijui kama nimewahi kuona kitu cha kudharauliwa kuliko mtu anayerudisha saluti juu ya meli isiyokwenda, na nilizirudisha zote. Okeyo alikuwa ameondoka zamani. Alichukuliwa na kiwanda cha sukari upande wa Muhoroni, kwa sababu mtu aliyelea injini ya meli anajua kulea kinu cha miwa, akaoa, akapewa nyumba ya kiwanda yenye ua na mapapai. Tukikutana mbele ya watu alikuwa akinishika bega na kusema, "Huyu ndiye alinichagulia kazi," nao wananipongeza, na mimi nasema, "Usijali, ndugu yangu." Nilisema hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Nilifikiri ananishukuru. Ubaya ni kwamba nilianza kuamini nastahili.

Mishahara yetu ilipoanza kuchelewa, nilienda kumwona. Nilienda mchana wa Jumapili, bila sare. Mkewe Awuor alikuwa amepika ngege wa kuchemsha na akaenda kumimina maji ya kunawa. Nilimweleza Okeyo haja yangu kwa maneno mengi: kwamba kiwanda ni kikubwa, kwamba yeye sasa ni mtu wa kusikizwa, kwamba sichagui kazi.

"Kazi ya deki iko," alisema. "Wanaandika watu kila Jumatatu. Ndoo ni yao."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Malori ya miwa yalikuwa yakipita barabarani, hata Jumapili, na alingoja moja lipite ndipo azungumze.

"Idi, ile mama ya leso ya buluu," alisema. "Anaendelea aje?"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, na nikaona afadhali lori lingine lipite, lakini halikuja.

"Ile Jumamosi mzee hakuwa Pap," Okeyo alisema. "Alikuja kwa basi ya asubuhi, akashukia barabarani karibu na gati. Alisema si haki kijana ya watu asafiri kwa sababu yake, afadhali yeye mwenyewe akuje akusikie. Tulifikiri mmepishana njiani. Alikaa kwa kitanda yako kutoka saa nne mpaka saa kumi. Fomu iko kwa mfuko ya koti. Hakuvua koti. Nilimwambia, mzee, pumzika, akasema hapana, nikivua Mswahili atanikuta kama siko tayari. Saa kumi akasema basi yake ya mwisho itamwacha hapo barabarani. Akatia sahihi, akaacha ile ya tawi wazi. Akasema, 'Huyo rafiki yako akirudi, vile atasema, wewe andika hivyo.' Halafu wewe ukaingia."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Nilikuwa na hasira, niseme ukweli; nilimkasirikia yeye, kana kwamba ni yeye aliyenikosea.

"Nilikuwa nangoja wewe," alisema. "Jioni hiyo yote. Jumapili yote. Mpaka Jumatatu nikakuomba kalamu, na yangu ilikuwa kwa mfuko. Nikasema, sasa ataongea." Alitazama mikono yake. "Nikaandika pole pole."

Awuor alirudi na beseni na jagi, akasimama kati yetu akingoja tunawe. Okeyo alinawa kwanza. Kisha akaniambia stoo ya vipuri inahitaji mtu anayejua kusoma na kuandika, na kwamba ameshaongea na meneja tangu Alhamisi, aliposikia nimeuliza njia ya kuja. "Kula," akasema. "Samaki ikipoa haifai."

Nikanyoosha mikono, Awuor akanimiminia maji. Nikala upande wa kwanza wa samaki, nikamgeuza, nikala wa pili. Jumatatu saa moja kasorobo nilikuwa langoni mwa kiwanda.